Sadaka na Shukrani: Nani Mwenye Deni?

 

Katika kikao kimoja cha darsa yetu, baada ya kwisha somo, palizuka mjadala ambao hatukuutazamia. Mweka hazina alikuwa akitueleza khabari za mfuko wetu mdogo, ambao kila mwanadarsa hutia ndani yake kadiri awezavyo kila mwezi, na ambao hutumika kuwasaidia wajane na mayatima katika chakula na karo za shule. Hakuwahi kumaliza maneno yake ila mmoja wetu alisema: "Kabla hatujatoa tena, nataka tuulizane. Yule kijana tuliyemlipia karo miaka minne, sasa amepata kazi bandarini. Juzi amenipita njiani kama kwamba hanijui. Hata salamu hakunipa. Basi ya nini kujitaabisha kwa watu wasio na shukrani?" Wengi wakatikisa vichwa kumuunga mkono, na mwingine akakumbusha kuwa fadhila za punda ni mateke. Ikakaribia kukatwa shauri kuwa mdogo wake kijana yule, ambaye bado yumo shuleni, asilipiwe karo ya muhula unaokuja.

Tumeona ni wajibu kuliandika jambo hili, kwa sababu malalamiko hayo si yetu peke yetu. Ni nani katika wasomaji wetu asiyepata kuyasikia, au kuyasema? Huyu alimkopesha jirani yake na asimdai, na leo jirani huyo hamjulii hali. Yule hupeleka fedha kwa jamaa zake kila mwezi kwa simu, wala harudishiwi hata neno moja la kusema zimefika. Na yule mwingine alimuuguza mtu mpaka akapona, na aliyepona akawa wa kwanza kumsengenya. Basi swali ni hili: Mtu akitoa mali yake kumpa mhitaji, je, amepata haki ya kudai shukrani? Na asiposhukuriwa, je, ana udhuru wa kuzuia mkono wake?

Kwanza tuseme wazi, ili asije mtu akadhani kuwa twatetea utovu wa adabu: kushukuru ni wajibu wa mwenye kufanyiwa wema. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kutokana na Abu Huraira (R.A.), kuwa Mtume (S.A.W.) amefunza kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Na katika Hadithi nyingine ameamrisha kuwa aliyetendewa wema alipe mfano wake, na asipokuwa na cha kulipa amuombee dua aliyemtendea mpaka aone kuwa amemlipa. Basi hakuna maskini aliye maskini mno hata akakosa shukrani, kwani dua haina bei. Mwenye kupokea akanyamaza kwa kiburi, au kwa kuona kuwa matajiri wamezaliwa ili wampe yeye, huyo ameacha jambo aliloamrishwa, na hesabu yake iko kwa Mola wake.

Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Twasikia kuwa kushukuru ni wajibu wa mpokeaji, nasi mara moja twafahamu kuwa shukrani ni haki ya mtoaji, aidai kama anavyodai kodi ya nyumba. Haya ni mambo mawili mbali mbali. Aliyemuamrisha mpokeaji ashukuru ni Mwenyezi Mungu, na asiposhukuru amemuasi Yeye. Ama mtoaji, yeye naye ana amri yake, nayo ni kutoa kisha kunyamaza. Kila mmoja ana karatasi yake ya mtihani. Na mwanafunzi anayeacha karatasi yake akasahihisha ya mwenziwe, wote wawili watatoka wameanguka.

Tena yafaa tuulizane: hicho tulichotoa kilikuwa ni nini? Ikiwa ni Zaka, basi haikuwa mali yetu tangu hapo. Mwenye shilingi 2,000,000 zilizofikia nisabu na kupitiwa na mwaka, shilingi 50,000 ndani yake, yaani robo ya ushuri, si zake; ni za wale wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na wa kwanza wao ni mafakiri na maskini. Qurani imeliita fungu hilo haki ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Je, mdaiwa akienda dukani kulipa deni lake, husimama mlangoni kungoja kushukuriwa? Na muuza duka akipokea haki yake akaendelea na kazi zake, je, tutasema hana fadhila?

Na ikiwa ni sadaka ya khiari, hapo ni kweli kuwa tumetoa kisichotulazimu. Lakini tumemtolea nani? Katika Suratul-Insan, aya ya 8 na ya 9, wamesifiwa watu wanaowalisha chakula maskini na yatima na mfungwa hali ya kuwa wenyewe wakipenda chakula hicho, na wakakusudia kwacho radhi ya Mwenyezi Mungu tu, hawataki kwa wale wanaowalisha malipo wala shukrani. Tazama, ndugu msomaji, vitu viwili hivyo vilivyokataliwa pamoja. Kutotaka malipo twalifahamu, wala hatumwambii yatima arudishe sahani ya wali. Lakini shukrani twaihesabu kuwa si malipo, na Qurani imeitaja ubavuni mwa malipo, kwani nayo ni ujira. Atakaye sifa kwa sadaka yake ameuza; naye asipolipwa bei yake hukasirika kama akasirikavyo mfanya biashara yeyote aliyedhulumiwa. Hasira ile ndiyo ushahidi kuwa palikuwa na biashara.

Imepokewa kuwa Bibi Aisha (R.A.) alipokuwa akipeleka sadaka, alikuwa akimuagiza mjumbe asikilize dua watakayomuombea wale waliopewa, ili naye awaombee mfano wake, akikhofu dua yao isije ikawa ni malipo, na sadaka yake ikapungua. Sisi twaikhofia sadaka yetu kwa kukosa shukrani, na mama wa Waumini aliikhofia yake kwa kuipata! Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na mwaka 1111, ameeleza katika Ihya Ulumid-Din kuwa yampasa mtoaji amuone fakiri kuwa ndiye aliyemfanyia hisani, kwa kuwa amekubali kuipokea haki ya Mwenyezi Mungu, ambayo kutoka kwake ndiko kusafika kwa mtoaji. Lau mafakiri wote wangefunga milango wakakataa kupokea, tungezunguka na Zaka zetu mikononi, na deni limebaki shingoni.

Sasa turejee kwenye kikao chetu. Baada ya maneno mengi, mzee mmoja katika sisi alishauri kuwa kabla ya kukatwa neno, waende watu wawili kwa mama yake kijana wakajue kuna nini, kwani kumhukumu mtu asiyekuwapo si insafu. Wakaenda. Bibi yule aliwakaribisha, akawapa kahawa, na alipoulizwa kwa upole alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Ndugu zangu, mwanangu hakusahau. Kila baada ya sala ya Alfajiri nasikia akiwaombea. Lakini siku ile ya harusi, mmoja wenu alimshika bega mbele ya wenziwe akasema: Huyu ni wetu, lau si sisi leo angekuwa akisukuma mkokoteni. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo akiwaona hushika njia nyingine. Si kiburi, ni haya."

Wajumbe wetu walirudi wameinamisha vichwa. Na aliyeyasema maneno yale harusini, twalieleza hili kwa ruhusa yake, ndiye yule yule aliyelalamika kuwa hakupewa salamu. Wala hakuwa amekusudia ubaya. Alidhani anamsifu kijana, na anawatia moyo wengine watoe. Kumbe kwa neno moja alikuwa amekula matunda ya miaka minne. Hayo ndiyo waliyoyaita wazee wetu masimango, na ndiyo masimbulizi yaliyokatazwa katika Suratul-Baqara, aya ya 262 mpaka ya 264. Humo tumefunzwa kuwa neno jema na msamaha ni bora kuliko sadaka inayofuatiwa na maudhi. Na mwenye kusimbulia amefananishwa na jabali tupu lenye udongo kidogo juu yake, ikalishukia mvua kubwa ikalifagia udongo wote. Ajabu ya mfano huu ni kuwa mvua, ambayo kwa shamba ni neema, kwa jabali ndiyo inayolifichua kuwa ni jiwe.

Tusidhani kuwa masimbulizi ni maneno makali tu. Huwa kwa mzaha, kama tulivyoona. Huwa kwa kumtuma tuma mtu uliyemsaidia, na kumuona mbaya akisema kuwa ana shughuli. Huwa kwa kumtaka awe na rai yako katika kila jambo. Na siku hizi huwa kwa picha: katika mwezi wa Ramadhani hupangwa wajane mstari mmoja, kila mmoja ameshika mfuko wa unga na tende, wakapigwa picha na ikaenezwa kwa simu mpaka kwa watu wasiowajua. Hatusemi kuwa kudhihirisha sadaka ni haramu; Suratul-Baqara, aya ya 271, imesema kuwa kuidhihirisha ni vyema, na kuificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Anayetaka kuwahimiza wengine na apige picha ya magunia. Uso wa mjane si risiti.

Tena mara ngapi ukimya wa mhitaji si utovu wa shukrani? Aya ya 273 ya Sura hiyo hiyo imewataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri, kwa namna wanavyojizuia kuomba. Mtu wa namna hiyo, siku ya kupokea kwake ni siku nzito. Ulimi wake huwa mzito kwa sababu moyo wake una staha. Nasi kwa kutojua humpenda zaidi yule hodari wa maneno, anayetusifu mpaka tukajiona kuwa ni walii, tukampa mara ya pili na ya tatu; na yule mwenye haya tukasema hana fadhila.

Huenda msomaji akasema: "Kijana huyo alikuwa na udhuru wake. Lakini je, yule asiye na udhuru? Yule anayekula chakula chako na kukurudishia ubaya?" Swali hili ni la haki, na tusijidanganye kuwa watu kama hao hawako. Jawabu lake limo katika kisa cha Sayyidna Abubakar (R.A.) na Mistah bin Uthatha.

Mistah alikuwa ni jamaa yake Abubakar kwa upande wa mama, na alikuwa katika Muhajirina na watu waliohudhuria vita vya Badr. Lakini alikuwa fakiri, na Abubakar ndiye aliyekuwa akimlisha. Baada ya vita vya Banil-Mustaliq, wanafiki walipomzulia Bibi Aisha uwongo ule mkubwa, Mistah alikuwa mmoja wa walioingia katika maneno yale. Fikiri, ndugu msomaji: mtu anamlisha mtu, na mlishwa anachukua ulimi wake kumtia aibu binti wa mlishaji, ambaye ni mke wa Mtume! Ni nani katika sisi aliyefikwa na kukosa fadhila kama huku? Sisi twalalamikia salamu.

Ilipoteremka Qurani kumtakasa Bibi Aisha, Abubakar aliapa kuwa hatamsaidia tena Mistah kwa chochote. Wala hapana mtu yeyote ambaye angemlaumu. Lakini ikateremka aya ya 22 ya Suratun-Nur, kuwakataza wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa na maskini na waliohama katika njia ya Mwenyezi Mungu. Na kuwataka wasamehe na wapuuze. Kisha ikawauliza kama wao wenyewe hawapendi kusamehewa na Mola wao. Abubakar alijibu kuwa anapenda, akarejesha masurufu yale, na akaapa kuwa hatayaondoa kabisa.

Katika kisa hiki mna mambo matatu ambayo yafaa tuyazingatie sana. La kwanza, ni kuwa aya haikusema kuwa Mistah hakukosa. Makosa yake yana hukumu yake mahali pengine katika Sura hiyo hiyo, na msamaha wa Abubakar haukuugeuza uwongo kuwa kweli. La pili, ni kuwa Mistah hakutajwa kwa ubaya wake, bali kwa zile sifa tatu zilizomfanya astahiki kupewa: ujamaa, umaskini na hijra. Njaa yake haikuondoka kwa sababu ya ulimi wake. Mtu huwa fakiri na mbaya, kama vile wengine wanavyokuwa matajiri na wabaya, na tumbo halishibi kwa kuwa mwenyewe amekosa adabu. La tatu, na ndilo kubwa, ni kuwa Abubakar hakulaumiwa kwa kuumia. Aliumia, na nani asiyeumia? Alichokatazwa ni kuyafanya maumivu yake yawe ndiyo sheria ya mkono wake.

Haya la tatu twaliweka mbele ya kila mtoaji aliyevunjika moyo. Hatukwambii kuwa moyo wako usihisi kitu. Moyo si jiwe. Mtu akikupita bila ya salamu utahisi, na si dhambi. Lakini usiupe uchungu huo funguo za sanduku lako. Lau wewe nawe riziki yako ingepimwa kwa shukrani zako, ungekula siku ngapi katika mwezi?

Wako watakaosema: "Mkiwaachia watu namna hii, mtakuwa mnawalea bila ya adabu." Tunajibu: kuwafunza watu kushukuru ni kazi njema, nayo ni ya wazazi, na waalimu, na makhatibu juu ya mimbari. Lakini si kazi ya mtoaji juu ya kile alichotoa mwenyewe, kwani katika kesi hiyo yeye ni mshitaki, na mshitaki hawi kadhi. Mfunze mwanao kumshukuru jirani. Usimfunze jirani kukushukuru wewe.

Na wako watakaouliza: "Je, tusiulize hata kama fedha zimefika, au kama karo imelipwa?" La, ulizeni. Mfuko wa watu ni amana, na mweka hazina lazima awe na hesabu zake. Kuuliza kama amana imefika ni jambo moja, na kuuliza kwa nini sikusifiwa ni jambo jingine. Vile vile mtu akitumia sadaka katika maasi, yafaa kubadilisha njia ya kumsaidia: badala ya fedha taslimu ukanunua unga, au ukailipa shule wenyewe. Huko ni kuchunga maslaha yake. Lakini mwenye kuchunga maslaha ya mtu hubadilisha njia tu, na mwenye kulipiza kisasi hufunga mlango.

Basi sisi katika darsa yetu tumekubaliana haya, na twayaeleza kwa wenzetu wenye mifuko kama yetu huenda yakawafaa. Majina ya wanaosaidiwa yatajulikana na watu wawili tu, wala hayatasomwa kikaoni. Karo italipwa shuleni, si mkononi mwa mtoto mbele ya wenziwe. Hakuna mwanadarsa atakayemtaja mtu yeyote kuwa ni wetu. Na aliyekwisha kuapa kuwa hatampa fulani tena, asijifunge kwa kiapo chake, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mwenye kuapa kisha akaona jambo jingine ni bora zaidi, atoe kafara na alifanye lile lililo bora. Na kafara ya kiapo, kama ilivyo katika Suratul-Maida, aya ya 89, ni kuwalisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumuacha huru mtumwa; na asiyepata afunge siku tatu. Basi tazama hekima hii: aliyeapa kumnyima maskini mmoja, njia ya kutoka katika kiapo chake ni kuwalisha kumi.

Ama yule mwenzetu, alikwenda mwenyewe kwa kijana kumtaka radhi. Waliyosemezana hatukuyauliza. Na karo ya mdogo wake imelipwa.

Wazee wetu wamesema, tenda wema nenda zako. Wengi wetu twaitenda nusu ya kwanza ya methali hii, na hiyo ya pili imetushinda. Twatenda wema, kisha twasimama pale pale kungoja. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutoa, na baada ya kutoa atuwezeshe kwenda zetu. Atusamehe yale masimbulizi tuliyoyasema kwa kujua na kwa kutojua. Na awape wale wanaopokea kwetu nyoyo za kushukuru, wamshukuru Yeye. Amin.